Msumeno wa Bei Nafuu

Tulipoazimia kujitengenezea rafu za vitabu, fedha tuliyodunduliza ilitosha msumeno wa umeme wa bei nafuu tu, ule wa kukatia pembe. Usioteleza, wa diski ya inchi 10, hukata ubao wa inchi 6 hivi. Uteleza­o juu ya reli hufika 12, na mbao zetu zilikuwa za 11.

Dukani tulivuta kichwa chake hadi mwisho, tukakitikisa: kikacheza kama jino bovu. Muuzaji akacheka. Tukaomba mwingine, tukakata ubao, tukapindua kipande kimoja na kuviunganisha. Mwanya uonekanao hapo, ndugu msomaji, ni maradufu ya kosa lenyewe. Ulikuwa mwembamba, wa kurekebishika kwa spana. Tukauchukua huo, na senti zilizobaki tukanunua diski ya meno 60, kwani iliyokuja nao ilikwisha kuuchana ubao wetu.