Njia ya Kilindoni Hata Utende

Katika kisiwa cha Mafia njia nyingi ni za mchanga, lakini iko njia ya lami itokayo Kilindoni, upande wa magharibi, hata Utende, upande wa mashariki. Urefu wake ni kama kilomita 14 tu. Mwenye gari huimaliza upesi, asione kitu ila minazi. Bali aendaye kwa miguu hupata nafasi ya kuuliza: Je, ni nini kilichounganisha pande hizi mbili?

Jibu limo majini. Jina la Kilindoni latukumbusha kilindi, yaani maji marefu. Leo mji huu ni makao ya wilaya, una bandari, soko na hospitali, na kiwanja cha ndege ki karibu na njia. Lakini zamani haukuwa na cheo hicho. Mji mkuu ulikuwa Chole, kisiwa kidogo kinachoelekea Utende. Huko alikaa liwali wa Sultani wa Unguja. Kisha Wadachi, yaani Wajerumani, walipewa Mafia kwa mapatano ya mwaka 1890, nao wakamlipa Sultani mark 4,000,000 kwa kisiwa hicho pamoja na pwani ya bara. Wao nao wakakaa Chole.

Chole ilifaa sana kwa majahazi. Ghuba yake imezungukwa na visiwa na miamba, hata mawimbi ya bahari kuu hayaingii kwa nguvu. Walakini miamba ile ile iliyokuwa ngao ya mashua ilikuwa kizuizi kwa meli kubwa. Basi mwaka 1913 makao ya serikali yakahamishwa Kilindoni. Karani huweza kufunga vitabu vyake na kuondoka kwa siku moja; lakini mwenye nyumba ya mawe ataibebaje?

Wadachi wenyewe hawakufaidi sana uhamisho huo. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, kwa kuwa manowari ya Kidachi, Königsberg, ilikuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji, ng'ambo ya pili. Kutoka Mafia ndege ziliruka kuitafuta, na wapiganaji wa angani wakawaarifu wenzao wa baharini mahali mizinga ilipoangukia. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaangamia.

Turudi njiani. Baada ya minazi, mikorosho na miembe, msafiri hufika lango la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995 ili samaki na matumbawe wasiharibiwe. Mbele kidogo lami yakoma, na mchanga wa pwani ya Utende waanza. Mashua humvusha hata Chole. Huko kuta za nyumba kuu za kale zingali zimesimama, mizizi ya miti imezikumbatia kama vidole, na popo wakubwa walao matunda hulala mchana wakining'inia matawini.

Watu wa Chole wangali wakikaa huko. Zamani mtu wa Kilindoni mwenye shauri la serikali alisafiri hata Utende, akavuka maji kwenda Chole. Sasa mtu wa Chole huamka mapema, huvuka kwanza, ndipo aishike njia yote kwenda Kilindoni. Na jioni hana budi kuiwahi mashua.