Andalio la Somo

Wewe msomaji, kila siku humwona mwalimu akiingia darasani, akafuta ubao, akaandika tarehe, akaanza kusema. Kengele ya pili hulia, naye hukusanya vitabu vyake akaenda zake. Yamkini umedhani kuwa hiyo ndiyo kazi yote. Sehemu iliyo kubwa zaidi hukuiona, kwa maana ilifanyika usiku wa jana, mezani, chini ya taa, na zao lake ni karatasi moja au mbili ziitwazo andalio la somo. Nataka kuzinena karatasi hizo, kwa sababu wako wenzangu wengi wazionao kuwa ni adhabu, na mimi nimeishi nazo miaka kumi na zaidi nikiziona kuwa ni deni.

Nafundisha shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Eneo la Viwanda la Nairobi, upande wa vijiji vya Mukuru. Alfajiri, Barabara ya Lunga Lunga hujaa watu waendao kwa miguu kuelekea malango ya viwanda. Watokao zamu ya usiku hupishana na waingiao zamu ya mchana, na wasio na zamu yoyote husimama langoni wakingoja msimamizi anyoshe kidole na kusema, wewe, na wewe, na yule. Watoto wa watu hao ndio wanafunzi wangu. Darasani mwangu wamo 72. Wengine hufika sare zao zimenyoshwa vizuri. Wengine husinzia ifikapo saa nne, kwa kuwa chumba cha nyumbani ni kimoja na usiku hakina utulivu. Mzazi aliyesimama langoni tangu saa kumi na mbili akakosa kibarua ananunulia mtoto wake dakika zangu 35 kwa thamani ambayo mimi siwezi kuilipa. Nikiingia darasani bila kujua ninalotaka, nimemla mtu huyo.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi wa mbinu za kufundisha aliyeturudishia maandalio yetu yakiwa yametapakaa wino mwekundu. Aghalabu aliandika swali lile lile pembeni: wewe unaposema, watoto watakuwa wanafanya nini? Tulimcheka bwenini. Lakini swali lake lina ukoo mrefu. Mwaka 1949 Mmarekani Ralph Tyler, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu kidogo kilichouliza maswali manne: shule yataka kufikia nini, ni mambo gani yatakayowafikisha wanafunzi huko, yapangwe vipi, na tutajuaje kuwa wamefika? Miaka saba baadaye, mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake wakazipanga kazi za akili ngazi kwa ngazi, kuanzia kukumbuka hadi kupima thamani ya jambo. Karatasi ninayoijaza usiku, pamoja na visanduku vyake vyote, imetokana na fikira hizo.

Nchini Kenya, Mtaala wa Umilisi ulianza kutumika mashuleni mnamo Januari 2019 kwa madarasa ya chini, ukachukua mahali pa ule wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985. Mtaala huo hutaja matokeo yanayotarajiwa katika kila mada. Mwalimu huyagawa katika azimio la kazi la muhula, kisha huligawa azimio katika maandalio ya somo moja moja. Hapo ndipo pa kuchagua kitenzi. Mwalimu mvivu huandika, "mwanafunzi aweze kujua lita." Nani aliyepata kuiona kujua ikipita njiani? Andika "aweze kupima," na mara moja unahitaji chombo, maji, mikono ya watoto, na mahali pa kumwaga. Kitenzi kimoja kimebadili somo zima. Siku hizi maandalio yaliyokwisha kuandikwa huuzwa kwa simu, nami siwalaumu sana wayanunuao, kwa maana makaratasi ni mengi na usiku ni mfupi. Lakini andalio la kununua ni kama koti la Gikomba: lilishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine, na aliyelishona hakujua kwamba wewe una watoto 72 na bomba moja linalotoa maji siku tatu kwa juma.

Nitaeleza somo moja, la Gredi ya Tano, juu ya lita na mililita. Watoto wa Mukuru wanaijua lita kuliko waandishi wa vitabu. Maji kwao hununuliwa kwa mtungi wa plastiki wa lita 20, na mara nyingi mchukuzi ni mtoto. Basi nikataka wapime mtungi wenyewe. Usiku nilijaribu nyumbani kwa chupa ya nusu lita: chupa 40 zikala dakika 14, karibu nusu ya kipindi. Nikabadili. Lita 18 za kwanza zipimwe kwa chupa ya lita mbili, mara tisa, na mwisho tu ndipo ije chupa ndogo. Dakika tano zikatosha. Maji yale yale yangetumika mara ya pili, kisha yaoshe sakafu, kwa kuwa kumwaga maji mbele ya watoto wanaoyanunua si adabu.

Palikuwa na jambo jingine la kupanga. Katika darasa lile alikuwamo binti wa mama auzaye maji. Nilitaka kutumia mitungi miwili, mmoja mzima na mmoja uliobonyea kitako, nami nilijua swali litakalozuka. Kwa hiyo nilileta mitungi yangu mwenyewe, nikaandika katika andalio kwamba kwanza tutaje mambo yanayobonyeza plastiki: joto, uzito, kupigwa chini. Wa kwanza ulishiba lita 20. Wa pili ulifurika kwa lita 18 na chupa moja ndogo. Watoto wakahesabu daftarini: pungufu ni mililita 1,500, na nyumba inunuayo mitungi minne ya namna ile kwa siku inalipia lita sita isizozinywa.

Mvulana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, kumbe tunaibiwa?"

Nilikuwa na swali langu tayari: mnunuzi atajuaje kabla ya kulipa? Wakaanza kujibu, tazama kitako, papasa ubavu. Ndipo yule binti akainua mkono, jambo asilolizoea, akasema kwamba mama yake naye hununua maji kwa wenye matangi, na hapana mtu ampimiaye.

Jibu hilo halikuwamo katika andalio langu wala katika kitabu chochote cha mwongozo. Nililipa dakika nne. Nikaondoa zoezi la tatu, lililokuwa la kurudia tu, na kuliacha la nne, ambalo ndilo lililokuwa likipima matokeo yaliyotajwa. Niliweza kukata upesi kwa kuwa nilijua kila sehemu iliwekwa pale kwa kazi gani. Wako wasemao kuwa andalio humfunga mwalimu mikono. Mimi nimewaona wasio na andalio wakipotea baada ya swali moja la mtoto, kisha wakamaliza kipindi kwa kufoka.

Afisa mmoja wa elimu aliwahi kulipekua faili langu, akahesabu tarehe na sahihi, akaondoka bila kutia mguu darasani. Tarehe zilikuwa sawa. Chini ya kila andalio kuna nafasi ya kuandika jinsi somo lilivyokwenda, na walimu wengi hujaza neno moja, "vyema." Siku ile niliandika kwamba watoto 61 walibadili lita kuwa mililita bila msaada, 11 bado wanaongeza sufuri mbili badala ya tatu, na hao waketi mbele kesho, wenye chupa mikononi, kabla sijaandika neno ubaoni.