Paka Angani na Utaratibu wa Upendo



Wapendwa taifa la Mungu, paka si mnyama anayetajwa sana katika Maandiko Matakatifu. Kondoo, punda, ngamia na hata shomoro tunakutana nao mara kwa mara, lakini paka, katika Biblia tunayoisoma sisi Wakatoliki, anajitokeza mahali pamoja tu: katika Barua ya Yeremia, iliyo sura ya sita ya kitabu cha Baruku. Humo mwandishi anazidhihaki sanamu za Babeli, kwamba popo na mbayuwayu hutua juu ya miili yake, na paka nao hukaa papo hapo bila hofu yoyote. Paka alikuwa amekwisha kutambua jambo ambalo wenye hekima wa Babeli hawakulitambua.

Nimeanza na paka kwa sababu ya swali lililoulizwa juma hili katika mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Mwanajumuiya mmoja alisimulia kwamba wako watu ulimwenguni wanaosafiri na paka wao katika ndege ndogo za binafsi. Akauliza: Je, jambo hili si dhambi, wakati kuna watoto wanaokosa nauli ya kufikishwa hospitali? Wengine walicheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa, na nilimwahidi kwamba nitalijibu katika tafakari hii.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inagusa suala hili katika namba 2415 hadi 2418, na jibu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza, wanyama ni viumbe vya Mungu; tunawiwa kuwatendea kwa wema, na kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi yetu sisi wenyewe. Upande wa pili, haifai kuwatumia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za wanadamu. Tunaweza kuwapenda wanyama, lakini tusiwape upendo ule ambao ni haki ya watu peke yao. Tuseme basi kwamba upendo una utaratibu wake. Utaratibu huo ni rahisi kuuandika, ila kuuishi ni kazi nyingine. Mimi niliwahi kuuona ukitendeka kwenye kiwanja cha nyasi, kando ya ndege ya viti sita.

Wengi wetu tunadhani ndege ndogo ni anasa ya matajiri. Katika historia ya umisionari mambo hayakuwa hivyo. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata, alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA ili kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, kufariki barani Afrika akiwa mbali na msaada wa tabibu. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa angani ambayo leo tunaijua kama AMREF. Mahali ambapo mvua hufunga barabara, ndege ndogo ni machela yenye mabawa.

Mwaka 2009, wakati wa masika, nilitumwa kumsindikiza sista mmoja mzee kutoka misheni iliyoko ng'ambo ya mto Kilombero kwenda Dar es Salaam. Daraja tunalolipita leo lilikuwa bado halijajengwa. Watu walivuka kwa kivuko, na bonde lilikuwa limegeuka ziwa. Sista alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni kwa miaka arobaini na mmoja. Kisukari kilikuwa kimempunguzia nuru ya macho na kumwachia kidonda mguuni kisichotaka kupona. Alijua, nasi tulijua, kwamba harudi tena. Mali yake yote ilikuwa sanduku moja la nguo na vitabu, gunia la mchele alilozawadiwa na wanakijiji, na paka mmoja wa kijivu aitwaye Mgeni, kwa kuwa alikuja zahanati usiku wa mvua na hakuaga tena.

Rubani alikuwa mtu wa maneno machache. Alitueleza kwamba ndege yake, Cessna 206, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,633, na humo mna chuma chenyewe, petroli, watu na kila walichoshika. Petroli peke yake ina takriban gramu 720 kwa lita, hivyo kila abiria ni hesabu. Alitupima sote kwa mizani ya zahanati, ile ya kupimia wajawazito. Kisha akampima paka ndani ya tenga lake la mianzi: kilo sita kasoro kidogo.

Nilidhani atamkataa. Badala yake aliuliza maswali kama daktari. Paka amekula saa ngapi? Jana jioni, akajibiwa. Vema, kwani tumbo lililojaa hutapika angani. Amepewa dawa ya usingizi? Hapana. Vema tena, maana dawa hiyo huweza kudhoofisha pumzi na kumfanya mnyama ashindwe kujisawazisha wakati wa misukosuko. Kisha akasisitiza kwamba tenga lisifunguliwe kamwe kabla ya kutua, kwa kuwa paka mwenye hofu hukimbilia gizani, na mahali penye giza ndani ya ndege ndogo ni chini ya miguu ya rubani, palipo na pedali. Akalifunga kwa mkanda wa kiti, akalifunika nusu kwa khanga ili paka apate hewa lakini asione mno.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo hewa ingali tulivu kabla ya jua kuichemsha ardhi. Ndipo akatokea mama mmoja akikimbia kutoka upande wa mashamba ya mpunga, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali tangu juzi na alikuwa amekwisha kupata degedege usiku. Muuguzi wa zahanati alimtazama, akatutazama sisi, wala hakuhitaji kusema neno.

Rubani akatoa karatasi yake na kuanza hesabu upya. Mama na mtoto walikuwa kilo sitini na saba. Wakati sisi tukimsubiri amalize, Sista, ambaye hakuwa akiona vizuri, alipapasa mkanda wa kiti, akaufungua, akalivuta tenga na kuliweka juu ya nyasi. Alisema tu, "Mtoto kwanza." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Nilimsikia akimnong'oneza paka kitu ambacho sikukielewa, kwa lugha ya kwao.

Ndugu zangu, wakati ule sikuikumbuka Katekisimu. Nilikumbuka mfano ambao nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, wa yule maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Nathani hakumcheka yule maskini kwa kumpenda mnyama. Aliyehukumiwa ni tajiri aliyemnyang'anya. Lakini pale kiwanjani hapakuwa na mnyang'anyi. Maskini mwenyewe alikuwa amemtoa mwanakondoo wake bila kuombwa.

Rubani alimaliza hesabu, akainua macho. "Sista," alisema, "paka si uzito unaonisumbua. Ni mchele." Gunia lilikuwa kilo hamsini na sanduku ishirini na mbili. Vyote viwili vikabaki, sanduku lisubiri maji yapungue, na mchele upikwe zahanati kwa wagonjwa. Tenga likarudishwa kitini. Sista hakusema kitu. Alivuta rozari yake.

Tuliruka. Milima ya Udzungwa ilikuwa kushoto kwetu, imevaa mawingu, na chini maji yaling'aa hadi upeo wa macho. Ndege ya namna ile haina mitambo ya kusawazisha shinikizo la hewa kama ndege kubwa, hivyo tulipopanda hadi futi 7,500 masikio yaliziba na kuzibuka. Mama alimnyonyesha mtoto, na kule kumeza kulimsaidia. Paka alipiga miayo ndani ya tenga, kisha akalia kwa sauti iliyoshindana na injini. Sista alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake, na mwanzoni alikuwa amenishika mkono kwa nguvu za kuumiza. Paka alipolia aliniachia, akapenyeza vidole kati ya mianzi, akaanza kumtuliza. Tangu hapo hakunishika tena. Mtoto naye, aliyekuwa akilia tangu kiwanjani, alikiona kile kitu cha kijivu kikitikisika nyuma ya khanga, akanyamaza, akakikodolea macho mpaka usingizi ukamchukua. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtoto alilazwa siku nane akapona malaria. Sista aliishi miaka miwili zaidi katika nyumba ya masista wazee, na paka alilala miguuni pake hadi mwisho. Nilipomtembelea aliniambia: "Padre mwanangu, watoto niliowapokea mikononi wamekua, wana kwao. Huyu hakuwa na pengine pa kwenda."

Basi, kwa ndugu yetu aliyeuliza, nakujibu hivi. Kumsafirisha paka si dhambi, na kumwacha si utakatifu. Dhambi ni pale ambapo tenga la paka halishuki hata mtoto anapofika. Na mtu aliye tayari kulishusha, huyo anaweza kurudishiwa bila hatari, maana moyo wake umekwisha kupangwa sawasawa. Mtakatifu Filipo Neri, anayetajwa na Katekisimu pamoja na Fransisko wa Asizi kwa upole wao kwa wanyama, alipohamia Vallicella huko Roma mwaka 1583 paka wake alibaki katika makazi ya zamani, naye aliendelea kuwatuma wanafunzi wake kwenda kumlisha. Kazi hiyo haikumzuia kuwa mtume wa Roma.

Liko na jambo la pili, nalo linatuhusu zaidi hapa parokiani. Wengi wetu tunawahamisha wazee wetu kutoka vijijini kuwaleta mjini kwa ajili ya matibabu. Tunafanya vema. Lakini mara nyingi tunawafungashia nguo, kadi ya kliniki na dawa, na hatuwaulizi wangependa kuja na nini. Kwa mmoja kitakuwa kigoda, kwa mwingine mche wa mchaichai, kwa mwingine kuku au paka. Sisi tunaona ni upuuzi. Kumbe kwa mzee ndicho kilichobaki cha nyumba yake, ndicho kitakachompa mtu au kitu cha kutuliza wakati yeye mwenyewe anaogopa. Zipo nyakati ambapo haiwezekani, na mzee ataelewa, kama Sista alivyoelewa. Lakini aulizwe.

Juma hili, mpendwa msomaji, ukiwa na mzazi, bibi au babu uliyemhamisha, kaa naye jioni moja umuulize aliacha nini. Msikilize hadi mwisho bila kutazama saa. Na kama kinaweza kuletwa, kilete.

Mungu, ambaye hamsahau hata shomoro mmoja, awakumbuke wagonjwa na wazee wetu wote, na awalinde wale wanaoruka kuwafuata. Bikira Maria wa Loreto, msimamizi wa warukao angani, atuombee. Nawatakieni Dominika njema na yenye baraka.