Miaka 41 ya kuanza tena



Magaribi moja kijana wa kanisa letu alikuja kunitafuta ku lupangu. Anajifunza kazi ya kuchomelea vyuma, sasa mwaka wa pili, na fundi hamupe kitu ila franga za basi. Akaniambia: "Pasta, nilichoka. Barafiki yangu beko ku mashimo, banarudia na makuta. Mie niko nangoja nini?"

Sikumukemea. Ni kweli wanarudi na makuta. Ni kweli pia kwamba wengine hawarudi; udongo unawafunika, na tumekwisha kuzika watoto wa namna hiyo. Nikamupa kiti, nikamusimulia habari ya baba yangu.

Baba alikuwa mutu wa Mazembe tangu ujana wake, wakati timu ilikuwa ikiitwa Englebert. Mwaka 1967 na 1968 ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika. Mwaka 1969 na 1970 ilifika finali, ikapoteza zote mbili. Mwaka 1980 ilipata kombe la washindi wa makombe, lakini lile kubwa halikurudi. Sisi tulizaliwa, tukasoma, tukakomaa, baba bado alikuwa akisema, "Mwaka kesho."

Katika miaka ya 1990 kazi yake ilikufa. Mushahara ulikawia, kisha ukakosekana kabisa. Tulikula bukari mara moja kwa siku. Baba akapanda kinga na jembe lake, akaenda kutafuta shamba upande wa barabara ya Kasenga. Mwaka wa kwanza mvua ilikatika, mahindi yakakauka. Mama akalia. Baba hakusema mengi. Mvua ya kwanza ya mwaka uliofuata ilimukuta na mbegu mukononi.

Siku ya posho, tarehe 7 Novemba 2009, asubui alikuwa shambani. Kisha tukaenda pamoja ku uwanja wa komine Kenya. Mazembe ilikuwa imepigwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, kwa hiyo goli moja bila jibu lilitosha. Likaingia. Halikuwa goli la kupendeza: mchezaji wa Heartland mwenyewe njo aliyeusukuma mupira ndani. Baba akanishika mukono, akatoka machozi. Miaka 41! Mwaka 2010 timu ikachukua kombe tena, ikawa ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la vilabu.

Njiani nikamuuliza: "Baba, ulingoja namna gani wakati wote huu?" Akajibu: "Sikungojaka miaka 41. Kila mwaka timu ilianza tena, na mie nilianza nayo. Kama haingekuwa mu uwanja ile siku, goli ingeingia wapi?" Siku ya kwanza alfajiri, alikuwa tena na jembe.

Zamani nilihubiri uvumilivu kama kukaa kimya na kukunja mikono. Nilikosea. Mujane yule wa mufano wa Yesu hakukaa nyumbani. Alirudi kwa mwamuzi mara kwa mara. Kuvumilia ni kuanza tena. Wala si kila kitu kinachorudi: kazi ya baba haikurudi hata kidogo. Lakini lile shamba lilitusomesha sisi wote, na mimi likanifikisha ku masomo ya Biblia.

Wazazi, kuna neno lenu pia. Mutoto anayevumilia anakula kama wengine. Tusimwambie "vumilia" na mikono mitupu. Bibi yangu alimupa kijana yule bukari, na kesho yake nikaenda kuzungumza na fundi wake. Tukapatana amulipe kidogo kwa kila mulango anaoumaliza.

Sijui kama atadumu. Juma lililofuata nilipita karibu na atelye, nikaona cheche za moto zinaruka. Kwa juma lile, ilitosha.