Elimu ya Vyungu na Vigae

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu miaka ya 1970 tulizoea kuiona elimu kama ngazi yenye vidato vinavyohesabika. Ukimaliza chuo unapewa darasa, baadaye unapewa shule, kisha unastaafu na kurudi shambani, kama nilivyorudi mimi hapa Kwai. Tena tulikulia katika Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo liliwataka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo wafikiriwe kwenda Chuo Kikuu. Nililiunga mkono wakati ule, na hata leo naona lilikuwa na hekima yake, ingawa lilichelewesha wengi.

Kwa hiyo mwanangu aliponijia na shauri la binti yake, alijua anazungumza na mtu wa namna gani. Binti alikuwa na shahada ya kwanza ya kemia, na sasa alitaka kwenda Arusha kusomea shahada ya uzamili. "Baba," aliniambia, "huyu ana shahada moja ambayo haijamletea hata mkate, na sasa anatafuta ya pili. Wadogo zake watasomeshwa na nani?" Hilo halikuwa neno la kupuuzwa. Karoti na kabichi za Kwai zina bei ya leo na bei ya kesho, na mtu aliyemsomesha mtoto kwa mboga anajua gharama ya kila muhula. Akiba iliyobaki ilikuwa mikaratusi yangu ya pale bondeni.

Nilimwita mjukuu wangu nikamuuliza anakwenda kusomea nini hasa. Akasema: sayansi na uhandisi wa materiali. Nikamwambia, "Mke wangu, jina hilo ni refu kuliko safari yenyewe. Nieleze." Badala ya kunieleza akaniuliza, "Babu, bibi yako alipofinyanga, kwa nini alisaga vigae vya chungu kilichovunjika akavichanganya na udongo mpya?"

Nilimwona bibi akifanya hivyo miaka mingi. Alisema chungu cha zamani humfundisha kijana kustahimili moto, nami nikaridhika na jibu hilo kwa zaidi ya miaka sitini. Mjukuu wangu akanipa jibu jingine. Udongo mtupu hunywea unapokauka, na maji yaliyobaki ndani yakikutana na moto ghafla hugeuka mvuke na kukipasua chungu. Lakini punje za kigae zimekwisha kuungua; hazinywei tena, nazo huusaidia mvuke kupata njia ya kutokea. Hata ufa mdogo ukianza, aghalabu hukutana na punje ukakwama hapo. Basi elimu hiyo, alisema, ni kuchungulia ndani ya kitu, kuona chembe zake zimepangwaje, na kujua kwa nini kinavunjika au kinadumu, ili uweze kutengeneza kilicho bora zaidi. (Bibi hakukosea, ukiitazama vizuri kauli yake.)

Mafundi wetu hawakuwa wajinga wa mambo hayo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliandika juu ya ufuaji wa chuma wa Wahaya wa Kagera. Walieleza kwamba mirija ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kuyafikia makaa, na hivyo moto ukawa mkali zaidi. Wazee walijua namna ya kufanya. Kilichokosekana ni mahali pa kuuliza kwa nini, na kuliandika jibu ili lisizikwe pamoja na fundi.

Mahali hapo siku hizi papo. Taasisi ya Nelson Mandela, karibu na Arusha, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, nayo imewekwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu. Huko alifundisha Dakta Askwar Hilonga, mwana wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyepata uzamivu wake Korea Kusini. Alichukua mchanga, ambao watu wamechujia maji tangu kale, akauunganisha na materiali za chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa sehemu za bilioni za mita, ili chujio liondoe hata floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja; sehemu nyingi za Arusha maji huvuka kiwango hicho, na meno ya watoto yanaonyesha. Mwaka 2015 chujio hilo lilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika, pauni 25,000, kutoka Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Tuzo haikumtuliza mwanangu. "Huyo ni mmoja, Baba. Wengine wako wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujaribu kulitunga. Nilimwambia tu kwamba binti huyu hakimbii ukosefu wa kazi. Ana swali, na maswali ya namna hiyo hayamngoji mtu mpaka apate mshahara. Tukakubaliana: nusu ya mikaratusi ingekatwa kwa ajili yake, nusu ibaki kwa wadogo zake, na fedha zikimwishia njiani atafute kazi kwanza, kama Musoma walivyotaka.

Mnunuzi alikuja Jumatatu na kamba yake ya kupimia. Mwanangu ndiye aliyemshikia ncha ya pili.