Duma na Wahakiki Wake

Neno duma kwetu Horohoro ni jina la mnyama ashindaye wote kwa mbio. Vuka forodha, pita Lungalunga, endelea mpaka nchi ya Wakikuyu, nalo limekuwa giza. Maana hii ya pili ndiyo waliyoikusudia vijana wawili wa Kenya, Martin Kanja, aimbaye kwa jina la Lord Spikeheart, na Sam Karugu, walipokiita kikundi chao Duma, na albamu yao pia. Ilitolewa mwezi wa Agosti mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni roki nzito ya majaribio: gitaa linakwaruza, ngoma za kompyuta zinakwenda kwa kasi isiyowezwa na mkono wa mtu, na juu yake sauti inakoroma, inalia, inapiga ukemi.

Wahakiki wa Uingereza na Marekani waliipa sifa nyingi, wala sina ugomvi nazo, maana kazi yenyewe inazistahili. Lakini sifa itokayo mbali huwa na hatari ya kuchanganyika na mshangao, ati muziki huu nao umetoka Afrika! Nairobi ilikuwa na vikundi vya roki nzito miaka mingi kabla ya 2020, na wawili hawa walitokea humo. Hatari nyingine ni kusikia ngoma za mababu mahali palipo na kompyuta.

Huku kwetu niliowasikilizisha walitoa hukumu ya neno moja: kelele. Mzee mmoja aliuliza kama redio imeharibika. Swali lake halikuwa baya, kwani muziki huu wataka sauti ya kitu kinachoharibika isikike. Lakini kelele ni jina la jinsi, si la aina. Lugha yetu inatenga ghasia na ngurumo, vifijo na hoihoi, ukemi wa mtu aitaye msaada na kite cha mtu aliyeelemewa na mzigo. Kwa maneno hayo naweza kusema jambo juu ya Kanja: uhodari wake ni kutoka katika kite kuingia katika ukemi kwa pumzi moja, hata msikilizaji asijue kama anatishwa au anaombwa. Aibu yake ni kwamba ukali ukidumu mno sikio huota sugu, na zipo dakika ambazo sugu hiyo niliihisi.

Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru wa kunyamaza. Black Star Musical Club walitia gitaa la umeme katika taarabu, na Shaaban Robert, mzaliwa wa upande huu, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, akaipima sauti ya mwimbaji kwa Kiswahili kitupu.

Mwaka 2024 Kanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Ningali naisikiliza. Katika daftari langu nimeandika neno moja tu, kite. Nimelifuta mara mbili, nikalirudisha.