Mstari Usiofutwa

Wahenga walinena: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutolewa kwa kukemea. Hata hivyo, wapo waliofunzwa na ulimwengu kwa huruma, na mmojawao ni mama mmoja wa makamo aliyezaliwa Mithila, kaskazini mwa jimbo la Bihar nchini India, akakulia Delhi, alikohamia babaye kutafuta riziki.

Huko Mithila, harusi ina ukuta wake. Ndani ya kohbar, chumba cha maharusi, wanawake wa ukoo huchora mwanzi uliosimama kati ya mayungiyungi, na kandokando yake samaki, kobe, kasuku, jua na mwezi; picha zote ni dua ya uzazi na neema. Marehemu mamaye alikuwa fundi wa kazi hiyo. Binti hakutaka kujifunza. Aliyaona mambo ya shamba. Mama alipofariki, mkono uliojua ukaenda na majivu yake. Sasa mjukuu ameposwa, na ukuta unangoja.

Ndipo mama huyu alipojiunga na darasa la jioni mtaani. Mwalimu alikuwa kijana, rika la bintiye, na sharti lake la kwanza lilikuwa moja: hapana penseli, hapana kifutio. Mistari huenda jozi, na kati yake hujazwa vistari vyembamba. Pasiwe na nafasi tupu. Aliwaonyesha pia rangi za zamani: weusi wa masizi, umanjano wa bizari, weupe wa unga wa mchele, na kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa pamba.

Mwezi wa kwanza, samaki wa mama huyu walifanana na ndala.

“Mwanangu, mkono huu umezeeka,” alilalamika.

“Mkono hauzeeki, mama. Unaona haya tu.”

Mwalimu aliwasimulia jinsi sanaa hii ilivyoshuka ukutani. Ukame wa mwaka 1966 na 1967 ulipoitesa Bihar, Pupul Jayakar wa Bodi ya Kazi za Mikono ya India alimtuma msanii Bhaskar Kulkarni awapelekee wanawake karatasi, wachore na kuuza. Miongoni mwa waliopata sifa ni Sita Devi na Ganga Devi, waliotunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1981 na 1984. Hao walikuwa wa matabaka ya juu. Akawataja pia Dulari Devi, wa tabaka la wavuvi, aliyekuwa akifagia na kuosha vyombo nyumbani kwa mchoraji Mahasundari Devi, akajifunzia humo humo. Naye alitunukiwa nishani hiyo mwaka 2021.

“Na mimi ni wa wavuvi,” mwalimu aliongeza, macho yakiwa kwenye karatasi.

Mama alinyamaza. Alikumbuka nyumba ya utotoni, na wanawake wa wavuvi walioleta samaki wakaishia uani. Mamaye, pamoja na wema wake wote, asingewaruhusu kugusa ukuta wa kohbar. Kumbe samaki walioombewa baraka ukutani walikuwa wakiletwa mlangoni na watu wasioruhusiwa kuingia. Jioni ile hakuchora tena. Juma lililofuata alirudi, akaketi mstari wa mbele.

Siku ya kuchora ilipowadia, mashangazi walikusanyika. Mama alichora mwanzi kwa mkono wake mwenyewe, akachora mayungiyungi, akafika mahali pa samaki. Akamwita mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama mgeni.

“Njoo, mwanangu. Hapa ni pako.”

Shangazi mmoja aliguna. Mwalimu alisita, kisha akapokea brashi. Mara hii mkono wake ndio uliotetemeka, na mstari wa kwanza ukapinda kidogo.

Hakuna aliyeufuta. Upo hadi leo.